Kauzi Chini ya Mtulinga

Kazi yangu ni kuwapa watu usingizi na ganzi. Naifanya katika hospitali moja mjini Bukoba ambayo sitaitaja, kwa kuwa mshahara wangu bado unatoka huko. Majirani zangu wa Nshambya huniita daktari. Mimi si daktari, ni muuguzi niliyesomea usingizi, lakini nimechoka kuwasahihisha, na kusema kweli siku nyingine masikio yangu hayachukii kulisikia jina hilo.

Hasira yangu ni juu ya mrija. Ni wa plastiki, mwembamba kama uzi wa kushonea magunia ya kahawa, na umenitoa jasho kuliko mgonjwa yeyote.

Nieleze. Mtu akipasuliwa mkono si lazima alazwe usingizi mwili mzima. Naweza kuuganzisha mkono peke yake. Naweka kichwa cha mashine ya altrasaundi, kile kinachopakwa jeli, chini ya mtulinga, yaani ule mfupa unaotoka kooni kwenda begani. Kwenye kioo naona mshipa wa damu ukidunda, mweusi, wa mviringo, na mishipa ya fahamu imeuzunguka. Naingiza sindano. Sindano ni chuma, kwa hiyo nikishika mkono vizuri inaonekana kama mstari mweupe unaoshuka. Dawa ikitoka, naona weusi ukitandaa kuuzunguka mshipa, na baada ya muda mgonjwa anauliza mkono wake umekwenda wapi. Hadi hapo mimi na mashine ni marafiki.

Shida inaanza pale ganzi inapotakiwa kukaa siku kadhaa. Hapo unapitisha ule mrija ndani ya sindano, unachomoa sindano, mrija unabaki chini ya ngozi ili dawa iongezwe kila baada ya saa chache. Na mrija ukishabaki peke yake, kwenye kioo haupo. Umeuingiza kwa mkono wako mwenyewe, sasa hivi, na haupo! Plastiki haing'ai kama chuma. Ukijikunja huko ndani, huoni. Ukienda kulala kwenye msuli badala ya kukaa karibu na mishipa ya fahamu, huoni. Unaona vidoti viwili vyeupe, moyo unafurahi, kumbe ni utando wa msuli. Nimesoma kwamba wenzetu wa kwingine wanayo mirija iliyotengenezwa ionekane. Yetu ilikuja ndani ya boksi la msaada, na karatasi ya maelezo ilikuwa katika lugha ambayo hakuna mtu hospitalini aliyeijua.

Mashine yenyewe ni mali ya wodi ya wazazi. Sisi wa chumba cha upasuaji tunaazima. Ina kitufe cha rangi, kinachopaka rangi kitu kinachotiririka, ambacho kingenisaidia kuona dawa inakotokea, lakini kitufe hicho kilikufa kabla yangu. Nimewahi kukibonyeza mpaka nikavunja kucha.

Basi akaja mama mmoja kutoka Kishanda, huko Muleba. Alikuwa ameteleza kwenye kibanja chake, lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba, amebeba mkungu, akavunjika kiwiko cha kulia. Mganga wa mifupa wa kijijini alimfunga mkono kwa vijiti ukiwa umenyooka, akauacha hivyo majuma mengi. Mfupa ulishika. Kiwiko nacho kilishika, mkono ukawa mnyoofu kama mpini.

Daktari wetu wa mifupa alisema atakifungua kiwiko na kukilegeza. Kisha akanigeukia mimi mbele ya mgonjwa. "Kupasua ni nusu ya kazi," alisema. "Nusu ya pili ni kuukunja mkono kuanzia siku ileile, kila siku, siku tano. Tukichelewa, unaganda tena, na sitaufungua mara ya pili. Mtu mwenye maumivu hakunji. Kwa hiyo nakutegemea wewe na mrija wako."

Nilikwenda wodini kuzungumza na mama. Mkwe wake, mke wa mwanawe, alikuwa amekaa pembeni ya kitanda akimmenyea chungwa. Nilimuuliza mama ni kitu gani anakikosa zaidi kwa mkono ule. Nilitegemea aseme jembe, au kuchuma kahawa, au kula. Aliunyanyua mkono juu, ukaelekea dari wote kama ulivyo.

"Siwezi kufanya ishara ya msalaba," alisema.

Mimi ni Mlutheri. Kwetu sala huanza bila mkono kusafiri popote, kwa hiyo nikatoa ushauri wa kijinga. "Si utumie wa kushoto?"

Alinitazama kana kwamba nimetukana kanisani. Mkwe alificha kicheko ndani ya kanga.

"Wa kushoto, mwanangu?"

"Mungu anaona yote, mama. Ataelewa."

"Ndiyo maana situmii wa kushoto," akajibu.

Akanieleza wanavyofanya nyumbani. Yeye husema maneno, na mkwe wake humgusa paji la uso, kifua na mabega kwa niaba yake. Ila mkwe ana watoto na asubuhi ana haraka. Siku nyingine anaruka kifua. Mkwe alikana. Mama akasema hakuja hospitali kushitaki mtu, anaeleza tu. Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka nao, lakini nilipotoka pale nilikuwa nimeelewa kwamba mwanamke huyu anataka kuufikisha mkono wake kwenye paji la uso wake kabla hajafa, na kwamba kazi hiyo nimekabidhiwa mimi.

Tulikorofishana kidogo kuhusu jina. Nilipomwambia nitamwekea mpira, alikunja uso na kukataa katakata. "Naenda chooni mwenyewe, jamani waitu!" Kwa watu wetu mpira wa hospitali ni ule wa mkojo. Ikabidi nimwonyeshe wenyewe ndani ya pakiti. "Ni kauzi tu, mama. Kanakaa hapa, chini ya mtulinga." Akakagua, akakubali. Tangu hapo kakawa kauzi.

Asubuhi ya upasuaji nilimganzisha. Sindano niliiona vizuri, dawa ikatandaa inavyopaswa. Nikapitisha kauzi, nikachomoa sindano, nikaanza kukatafuta. Nilitelezesha kichwa cha mashine juu, chini, nikakilaza, nikakisimamisha. Hakuna. Nikachukua maji ya chumvi ili niyasukume ndani ya mrija niangalie yanatokea wapi, maana hiyo ndiyo njia iliyobaki: kama mrija huuoni, utazame maji yake. Nilikuwa nimesukuma mara moja tu, kidogo, mkunga akasimama mlangoni. Kuna mama anatoka damu kule wodi ya wazazi, wanataka mashine, sasa hivi.

Nani angekataa? Nilitazama kioo mara ya mwisho. Kuna weusi ulitikisika mahali fulani. Niliamua kwamba umetikisika pale ninapotaka. Nasema niliamua, kwa sababu kuona sikuona. Nikafuta jeli, mashine ikaondoka, nikabandika plasta juu ya kauzi nikiwa nimekasirika, nikijiambia kwamba mkono umeshakufa ganzi na huo ni ushahidi wa kutosha. Haukuwa ushahidi wa kitu. Ganzi ile ilitoka kwenye sindano. Kauzi kalikuwa hakajafanya kazi yoyote bado.

Upasuaji ulikwenda vizuri mno, na hilo ndilo linaloniuma. Daktari alipomaliza alikikunja kiwiko kwa upole, kikakunjika chote. Akaupitisha mkono wa mama chini ya shuka ya kijani, akaziweka ncha za vidole vya mama mwenyewe juu ya paji la uso wake. Mama alikuwa macho. Vidole havikuwa na hisia, lakini paji la uso lilikuwa nazo.

"Ni mkono wa nani huu?" aliuliza.

"Ni wako, mama," nikamwambia.

"Mawe!" akasema kwa mshangao wa Kihaya, na machozi yakamtoka yakaingia masikioni, nikamfuta kwa pamba.

Kesho yake asubuhi niliingia wodini nikiwa na furaha ya mtu aliyelala vizuri. Nilimsalimu kwa Kihaya, nikamuuliza hali. Akajibu, "Kurungi." Nikamuuliza mkono je. "Kurungi, waitu." Alikuwa amekaa, rozari iko mkono wa kulia, anahesabu kwa kidole gumba. Niliona picha nzuri, nikatabasamu. Nikasukuma dawa kwenye kauzi, akanishukuru, nikaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hana maumivu.

Hapa nataka kujichapa kofi. Mimi ni Mhaya. Najua neno kurungi ni nini. Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu kurungi, yaani nzuri, hata kama nyumba inaungua nyuma yake. Habari mbaya hazitolewi mlangoni. Unajibu kurungi kwanza, mnaketi, mnaulizana habari za wote, ndipo baadaye, kwa sauti ya chini, unasema kilichokusibu. Mimi niliuliza nikiwa nimesimama, faili mkononi, nikachukua salamu nikaiandika kama kipimo. Na mfukoni nilikuwa na pamba yenye spiriti. Kumgusa nayo mkono na kuuliza kama anasikia baridi ni kazi ya muda mfupi kuliko kuandika sentensi ile. Tena kidole gumba kilichokuwa kinahesabu rozari kilikuwa kinaniambia kila kitu, maana mkono wenye ganzi hauhesabu, na mimi nikakiona kitakatifu.

Mchana mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifuata, kijana wa watu, mpole kwa kawaida. "Mama yako mkaidi," alisema. "Anakaza mkono. Nikigusa tu anakaza."

"Mkono uliokufa ganzi unakazwaje?" nikamjibu kwa ukali. Nilimwambia arudi ajifunze kuongea na wazee. Akaondoka. Swali langu lilikuwa zuri kabisa, na mimi niliyeliuliza sikulisikia.

Siku iliyofuata, kurungi. Nikasukuma dawa, nikashukuriwa. Mazoezi, anakaza.

Siku ya tatu mkwe wake alinisubiri kwenye bomba la maji nje ya wodi. Alikuwa na kanga ya mama mkononi, anajifanya anaifua. Alinifungulia pindo lake moja. Lilikuwa limetafunwa mpaka likatoboka.

"Dada, mama anauma kanga," alisema. "Tangu jioni ya siku ile mliyompasua. Halali."

"Kwa nini hukusema?"

"Amekujibu kurungi mbele yangu. Nimwambie nani kwamba mama mkwe wangu anasema uongo?"

Nilimkasirikia, nakiri. Nilimkasirikia kwa hatua kama kumi, kutoka bombani mpaka mlango wa wodi, kisha hasira ikakosa pa kukaa ikanirudia mwenyewe. Nilitoa pamba nikamgusa mama mkono, kiganja, vidole.

"Baridi, mama?"

"Baridi, mwanangu."

"Na hapa?"

"Baridi."

Kila mahali baridi. Mkono ulikuwa mzima kabisa, unasikia kila kitu, kila mshono. Nikavuta kiti nikaketi, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku mbili nyuma. "Mama, unaumwa?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Aligeuza uso ukutani. "Bojo, tafadhali, niacheni," alisema. "Nimeumwa sana."

Niliiendea mashine wodi ya wazazi, na safari hii sikuomba, nilisema naichukua. Nikakatafuta kauzi kangu chini ya ule mtulinga kwa macho ya mtu anayetafuta pete ya ndoa kwenye majani. Hakapo. Mrija uko ndani ya mtu, plasta yangu iko juu yake, alama za urefu zinaonyesha haujatoka, na kioo kinanionyesha nyama tupu. Nikasukuma maji ya chumvi, na sasa nikaendelea kusukuma, polepole, huku nikihamisha kichwa cha mashine. Ndipo weusi ukachipuka. Ulichipuka juu, katikati ya msuli wa kifua, mbali na mshipa unaodunda. Dawa yote ya siku zile nilikuwa nimeimwaga kwenye nyama. Nilitamka neno ambalo mchungaji wangu asingependa kulisikia.

"Umekaona?" mama akauliza.

"Nimekaona, mama. Kamelala pabaya. Kako kwenye msuli."

"Hapa," akasema, na kwa kidole cha mkono wa kushoto akagusa kifua chake, palepale, sawasawa na ilipokuwa picha kwenye kioo. "Kila ukitia dawa nilikuwa nasikia ubaridi unaingia hapa na panajaa. Nilidhani ndiyo kazi yake."

Nimelalamika miaka juu ya kitufe cha rangi, juu ya mirija isiyong'aa, juu ya boksi la msaada. Kwenye ncha ya mrija ule kulikuwa na mtu mmoja aliyejua ilipo tangu siku ya kwanza, na nilikuwa namsukumia dawa, na hakuna aliyemuuliza swali lililohitaji jibu.

Mrija ulikuwa umebaki mmoja kabatini. Nilimwekea. Nilimwomba mkwe asimame mlangoni asiruhusu mtu, na alisimama kama askari. Nilisukuma maji mara nyingi, kidogo kidogo, mpaka nikaona weusi unatandaa kando ya mshipa wa damu na si kwingine. "Kifuani unasikia ubaridi?" "Hapana." Nikatia dawa, nikangoja, nikagusa kwa pamba. "Baridi?" "Unanigusa wapi?" akauliza, na nilitaka kumbusu.

Kabla sijaondoka nikampa sheria. "Mama, kuanzia leo kuna kurungi mbili. Kuna kurungi ya salamu, hiyo nipe, ni heshima yangu. Halafu kuna kurungi ya pamba. Ya pamba usinidanganye." Alicheka, akasema Walutheri tuna mambo.

Nilimwomba radhi yule wa mazoezi. Alifanya kazi kwelikweli siku zilizobaki, na mama hakukaza hata mara moja, lakini kiwiko kilikuwa kimeshaanza kuganda. Kilikunjika kikafika mahali kikagoma. Daktari alikijaribu, akatikisa kichwa. "Tungepata zile siku mbili za mwanzo," alisema. Hakuwa anamlaumu mtu. Nilimwambia siku mbili zile nimezipoteza mimi, na namna nilivyozipoteza. Aliniambia niandike kwenye faili. Niliandika, chini ya ile sentensi yangu ya hana maumivu, na sentensi hiyo sikuikata, nikaiacha isomeke.

Miezi baadaye nilikwenda Kishanda. Hakuna aliyenituma. Mama alikuwa uani anageuza kahawa kwenye jamvi kwa mkono wa kushoto, wa kulia unasaidia. Alipiga vigelegele, akaita majirani waje wamwone daktari aliyemponya. Sikumsahihisha, na safari hii masikio yangu hayakufurahi. Mkwe alipika ndizi na maharage, tukaketi mkekani.

Mama akasema tusali. Mkono wa kulia ukanyanyuka, ukakunjika, ukapita kifua, ukapita kidevu, ukasimama usawa wa mdomo. Kisha kichwa chake kikainama, kikashuka mpaka paji la uso likavifikia vidole. Akagusa kifua. Akagusa bega la kushoto. Bega la kulia mkono haukuweza kurudi kulifikia, na mkwe, bila kutazama, mwiko ukiwa mkono mmoja, akanyoosha mwingine akamgusa mama bega hilo, akaendelea kupakua. Hakuna aliyeona ajabu. Nilielewa kwamba hivyo ndivyo wanavyosali kila siku.

Nilikumbuka vidole vilevile juu ya paji lilelile chini ya shuka ya kijani, kichwa kikiwa kimetulia juu ya mto, hakijainama kwa lolote.

"Na wewe, mwanangu," mama akaniuliza akinipa sahani, "hujambo? Hali yako?"

"Kurungi," nikasema.

Hakuiachia sahani. Alinitazama usoni.

"Ya salamu," akauliza, "au ya pamba?"

"Ya salamu, mama," nikamjibu, naye akaiachia sahani.